Askari yuko kazini saa 24, lakini bunduki yake ina zamu

MKAZI wa Kanyenye, moja ya kata za Manispaa ya Tabora, akimwona jirani yake ambaye ni askari polisi anarudi nyumbani jioni katika nguo za kiraia, ni nadra kujiuliza kama askari huyo ana bastola kiunoni. Swali hilo huja baadaye: ugomvi unapozuka baa, mwizi anapokimbizwa mtaani, au mlio wa risasi unaposikika usiku na watu wakaanza kuulizana ni nani aliyefyatua.

Kuhusu jambo hilo wananchi wengi huamini moja kati ya mambo mawili. Wapo wanaodhani kwamba polisi, kwa kuwa ni polisi, anaruhusiwa kuwa na bunduki mahali popote na saa yoyote. Wapo pia wanaodhani kwamba akishavua sare anakuwa raia kama raia wengine, hana mamlaka wala wajibu. Wote wamekosea, na kosa lenyewe linaweza kugharimu maisha ya mtu.

Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, inamhesabu askari kuwa yuko kazini wakati wote, na inaruhusu apangiwe kazi mahali popote nchini. Ndiyo maana askari aliye likizo anaweza kuitwa kabla likizo yake haijaisha, na ndiyo maana askari anayepita sokoni akaona mtu anaporwa hawezi kujitetea kwamba zamu yake ilikwisha saa kumi na mbili.

Hata hivyo, kanuni hiyo inamhusu mtu. Haiihusu bunduki. Silaha ya serikali haitolewi kama inavyotolewa sare. Askari hukaa na sare yake nyumbani, huifua na kuipiga pasi. Bunduki hutolewa kwa ajili ya kazi fulani, iwe ni lindo la benki, doria ya usiku au kusindikiza mahabusu, na kazi hiyo ikiisha inapaswa kurudi ilikotoka.

Utaratibu wake ni wa kikaratasi na wa kuchosha, na ndivyo unavyotakiwa uwe. Kila kituo chenye silaha kina ghala au chumba chake na mtu anayekitunza. Askari anapokabidhiwa bunduki, daftari huandikwa namba ya silaha, idadi ya risasi, jina lake na saa aliyoichukua, kisha hutia sahihi. Anaporudi, silaha hukaguliwa na risasi huhesabiwa. Ikipungua moja, maelezo hutakiwa papo hapo, siyo kesho yake. Sahihi ile ndiyo inayomfunga askari: tangu anapoiweka hadi anapoirudisha silaha, lolote litakalofanywa na bunduki hiyo litaanza kuulizwa kwake.

Wapo askari ambao kazi yao haina saa. Askari kanzu wanaofuatilia majambazi na walinzi wa viongozi wanaweza kuruhusiwa na wakuu wao kukaa na bastola kwa muda mrefu zaidi ya zamu moja. Lakini hata hapo kibali ni cha kazi, hakiandamani na cheo. Mpelelezi anayefuatilia kundi la majambazi ana sababu ya kuwa na bastola saa sita usiku. Mpelelezi huyohuyo akienda na bastola ile kwenye harusi ya binamu yake ana kazi kubwa ya kueleza.

Inawezekana pia askari akawa na silaha yake binafsi. Huko anaingia kwa mlango uleule wa raia wote, yaani Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Bastola aliyoinunua kwa fedha zake inahitaji leseni, na haigeuki kuwa ya serikali kwa sababu aliyeishika ni koplo. Vivyo hivyo, bunduki ya serikali haigeuki kuwa ya kwake kwa sababu amelala nayo chumbani.

Tabora ni mji unaolijua jambo hili kwa historia yake. Karne ya 19, wakati njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipopita hapa kuelekea Ujiji, askari wa msafara alibeba bunduki ya tajiri aliyemwajiri. Maandishi ya wasafiri wa wakati ule yamejaa manung'uniko kuhusu watu waliotoroka njiani na bunduki za msafara. Upande wa pili walikuwapo ruga-ruga wa Mirambo, mtawala wa Urambo aliyeanza kupigana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora mwaka 1871. Aliyekutana porini na mtu mwenye bunduki alitaka kujua kwanza mtu huyo ni wa nani, na ametumwa na nani. Swali hilo halijazeeka.

Kwa nini basi polisi wasiachiwe bunduki zao, ilhali uhalifu hauna zamu? Hoja hiyo ina uzito, na isipuuzwe. Askari aliyemkamata jambazi leo anaweza kukutana na ndugu zake kesho akiwa na mtoto wake mkononi. Nchini Marekani hoja hiyo ilishinda: sheria iliyopitishwa mwaka 2004 inawaruhusu polisi wenye sifa zinazotakiwa, pamoja na baadhi ya wastaafu, kubeba silaha iliyofichwa katika majimbo yote hata wakiwa nje ya kazi, ilimradi wasiwe wamelewa. Uingereza ilikwenda njia nyingine. Huko polisi wengi hawana bunduki hata wakiwa kazini, na wachache wenye idhini huzitumia kwa kazi waliyopangiwa.

Njia ya Marekani imekuwa na gharama ambayo wengi hawaikumbuki. Mei 28, 2009, katika mtaa wa East Harlem mjini New York, askari Omar Edwards, aliyekuwa na umri wa miaka 25, alimaliza zamu yake, akamkuta mtu akivunja gari lake. Alimkimbiza akiwa na bastola mkononi, akiwa amevaa nguo za kiraia. Polisi waliokuwa doria wakamwona mtu mwenye bastola anakimbia barabarani. Mmoja wao alimpiga risasi, naye akafa. Aliyefyatua hakujua kwamba anamuua askari mwenzake.

Tukio la namna hiyo si gumu kulipigia picha Tabora. Sungusungu, jeshi la jadi lililozaliwa katika maeneo ya Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, liliacha katika mkoa huu desturi ya wananchi kujilinda wenyewe usiku, na ulinzi shirikishi umeiendeleza. Mtu asiye na sare, mwenye bastola, anayekimbia uchochoroni saa saba usiku ataonekana kuwa jambazi kabla hajapata nafasi ya kutoa kitambulisho. Wananchi wenye hasira kali, kama magazeti yanavyozoea kuwaita, hawasubiri kitambulisho.

Kuna gharama nyingine, nayo ni kwamba bunduki huvuta wanaoitaka. Julai 2015 majambazi walivamia Kituo cha Polisi Stakishari, Ukonga, Dar es Salaam, wakaua watu wakiwamo askari, wakaondoka na silaha. Agosti 25, 2021, karibu na Ubalozi wa Ufaransa jijini humo, mtu mmoja mwenye bastola aliwaua askari polisi watatu na mlinzi wa kampuni binafsi, na bunduki za askari waliouawa akazitumia kuendeleza mapambano hadi alipouawa. Wale walikuwa kazini, wamevaa sare, wako pamoja. Ikiwa silaha inaweza kuporwa kituoni na barabarani mchana, chumba cha kupanga chenye mlango wa mbao na kufuli moja hakiwezi kuitwa ghala.

Na askari wengi wanaishi katika vyumba vya namna hiyo. Nyumba za polisi hazitoshi, hivyo wengi wamepanga uraiani, wakichangia ua na wafanyabiashara, walimu na madereva wa bodaboda. Watoto wa wapangaji huingia na kutoka. Askari anayerudi na bunduki katika nyumba hiyo amewabebesha majirani zake hatari ambayo hawakuulizwa kama wanaikubali.

Uganda ilijifunza hilo Mei 2023. Tarehe 12 mwezi huo, katikati ya Kampala, askari polisi alimuua kwa risasi mkopeshaji fedha raia wa India ofisini kwake, kutokana na mzozo wa deni. Ilielezwa baadaye kwamba askari huyo alikuwa amezuiwa kushika silaha kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Zuio hilo lilikuwa sahihi, lakini halikutosha, kwa kuwa bunduki aliyoitumia ilikuwa ya askari mwenzake waliyeishi chumba kimoja. Siku 10 kabla ya hapo, Waziri wa nchi Charles Engola alikuwa ameuawa na mwanajeshi aliyekuwa mlinzi wake. Rais Yoweri Museveni alipiga marufuku polisi walio nje ya zamu kubeba bunduki.

Kisa cha Kampala kinaonyesha kasoro ambayo mara nyingi husahaulika. Mjadala huwa juu ya tabia ya askari: mlevi, mkorofi, mwenye hasira. Lakini askari mwenye bunduki ile huenda hakuwa na nia yoyote mbaya. Aliiacha tu mahali ambapo mwingine angeweza kuichukua. Katika kanuni za silaha, kuacha ni kosa kama lilivyo kosa kufyatua.

Kenya ina visa vingi zaidi, na baadhi havisomeki bila huzuni. Novemba 2010, katika mji mdogo wa Siakago, askari mmoja alipita baa kwa baa akiwa na bunduki na kuua watu 10. Desemba 7, 2021, jijini Nairobi, askari alimuua mke wake kwa bunduki ya kazi, akatoka nje katika mtaa wa Kangemi na kuua watu wengine kabla ya kujiua. Waliokufa walikuwa sita, mbali na yeye mwenyewe. Hakuna jambazi aliyekuwa akifukuzwa katika matukio hayo mawili, wala amri iliyotolewa na mkuu yeyote. Ugomvi ulikuwa wa mapenzi au wa nyumbani, mambo ambayo raia huyamaliza kwa maneno, kwa ngumi au kwa kuhama nyumba. Tofauti ilikuwa bunduki iliyokuwa karibu.

Jirani zetu hao, hata hivyo, wameandika kanuni zao waziwazi kuliko wengi. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya Kenya, ya mwaka 2011, linataja ni wakati gani askari anaweza kutumia bunduki: kuokoa maisha yake au ya mwingine, kujikinga dhidi ya hatari iliyo mbele ya macho, na hali nyingine chache za namna hiyo, tena pale tu njia nyepesi zaidi zisipofaa. Kabla ya kufyatua anatakiwa ajitambulishe na atoe onyo, isipokuwa kama kufanya hivyo kutahatarisha maisha. Akifyatua, hata asipomjeruhi mtu, lazima atoe taarifa kwa mkuu wake. Mtu akifa au akijeruhiwa vibaya, taarifa inakwenda kwa mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, inayojulikana kwa kifupi IPOA. Jedwali hilohilo linamwajibisha askari kutunza salama silaha aliyopewa. Kuwepo kwa sheria hakukuzuia mauaji ya Kangemi, ni kweli. Lakini baada ya mauaji, Mkenya ana ukurasa wa kuonyesha kidole.

Tanzania kanuni nyingi za namna hiyo zimo katika Maelekezo Makuu ya Jeshi la Polisi, yanayotajwa zaidi kwa herufi tatu, PGO. Ni maelekezo yanayofundishwa katika vyuo vya polisi na kunukuliwa mahakamani, ila si kitabu ambacho mkazi wa Kanyenye atakikuta dukani. Hapo pana upungufu. Askari anahukumiwa kwa kanuni anazozijua yeye na mkuu wake, huku jirani anayepaswa kuona kama zinafuatwa akibaki kukisia.

Zile ambazo raia anaweza kuzisoma ni sheria za jumla. Katiba, ibara ya 14, inalinda haki ya kuishi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamtaka anayemkamata mtu amweleze sababu ya kumkamata, na asitumie nguvu kuliko inavyohitajika. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 18 na vinavyokifuatia, inampa kila mtu haki ya kujitetea na kumtetea mwingine, kwa sharti kwamba nguvu anayotumia ilingane na hatari iliyopo. Askari aliye nje ya zamu anayejikinga na panga anasimama juu ya kifungu kilekile anachosimamia muuza duka. Kibaka aliyenyakua simu na kukimbia hatishii tena maisha ya mtu. Risasi inayompata mgongoni haina pa kujificha katika kifungu hicho.

Kuhusu wakati wa kutoa bunduki ghalani, kuna pia Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha, zilizopitishwa Havana, Cuba, mwaka 1990. Zinazitaka serikali zieleze katika mazingira gani polisi wanaruhusiwa kubeba silaha, zisimamie utunzaji na utoaji wake, na zihakikishe kila askari anaweza kuulizwa juu ya silaha na risasi alizopewa. Zinataka pia polisi wapatiwe ushauri nasaha wanapokutana na matukio yenye msongo. Kipengele hiki cha mwisho ndicho kinachopewa nafasi ndogo kuliko vyote katika nchi zetu, ingawa visa vya Kampala na Nairobi vinakielekea moja kwa moja.

Basi askari asiye na bunduki afanye nini akikuta uhalifu njiani? Wajibu wake haujapungua, njia ndiyo iliyobadilika. Anaweza kupiga simu ya dharura 112 au kuita doria iliyo karibu, kushika sura za wahusika na namba ya pikipiki, kuwaondoa watu mahali pa hatari, na kukamata pale panapowezekana bila kuongeza maafa. Kusubiri wenzake wenye silaha wafike si woga. Askari mwenye uzoefu anajua kwamba shahidi mmoja mzuri huwafikisha majambazi watatu mahakamani.

Na kama ana bunduki, kwa kibali halali, masharti yanaongezeka. Pombe inakuwa mwiko tangu glasi ya kwanza. Hakuna kipimo cha ulevi kinachokubalika kwa mtu mwenye risasi. Silaha haiwekwi mezani, haionyeshwi kwa marafiki, haiachwi kwenye gari wala chini ya godoro. Haitumiki kudai deni wala kumaliza ugomvi wa mpaka wa kiwanja. Akilazimika kuitoa, aseme kwa sauti kwamba yeye ni polisi. Doria ikifika atii amri ya wenzake, hata kama wao ni wadogo kwake kwa cheo.

Kwa raia mwenye silaha yake, Tabora ina kumbukumbu iliyo karibu. Novemba 2006, Ukiwaona Ditopile Mzuzuri, wakati huo akiwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora, alidaiwa kumpiga risasi na kumuua dereva wa daladala jijini Dar es Salaam. Alishitakiwa kwa mauaji, baadaye shitaka likabadilishwa kuwa la kuua bila kukusudia, na alifariki dunia Aprili 2008 kabla kesi haijamalizika. Hakuwa polisi, na mahakama haikupata nafasi ya kutoa hukumu juu yake. Lakini kesi hiyo iliwaonyesha wengi kwa mara ya kwanza kwamba cheo cha mwenye bastola hakimzuii kupandishwa kizimbani.

Kwa askari, mfano ulio wazi zaidi ni wa kifo cha mwandishi wa habari wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, aliyeuawa Septemba 2, 2012 katika kijiji cha Nyololo, mkoani Iringa. Aliyehukumiwa kwa kifo hicho alikuwa askari aliyekuwa kazini, ndani ya sare, katika operesheni iliyoongozwa na wakubwa zake. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia na kumfunga miaka 15. Askari aliyefyatua risasi baa, usiku, nje ya zamu, hana hata utetezi ule dhaifu wa kusema alikuwa akitekeleza amri.

Kabla ya kufikishwa mahakama za kawaida, askari anayetumia vibaya silaha hukabiliwa kwanza na mashitaka ya kijeshi ndani ya jeshi lake, ambayo yanaweza kuishia kwa kufukuzwa kazi. Huo ni utaratibu wa nidhamu. Haufuti kesi ya jinai, na familia ya aliyeumizwa isikubali kuambiwa kwamba umeifuta.

Mkazi wa Kanyenye anayemwona askari akilewa huku ana silaha hashauriwi kumkabili wala kumnyang'anya. Anachoweza kufanya ni kuondoka mahali hapo, kukumbuka saa, mahali na jina au namba ya askari kama anaijua, na kutoa taarifa kwa mkuu wa kituo. Kituo hicho kikiwa ndicho anakotoka askari mwenyewe, ipo ofisi ya Kamanda wa Polisi wa Mkoa, na ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001 na inayopokea malalamiko bila malipo. Taarifa yenye saa na mahali ina faida moja kubwa: inaweza kulinganishwa na daftari la ghala, ambamo imeandikwa bunduki ilitoka saa ngapi, kwa kazi gani, na ilipaswa kurudi lini.